Waya wa Saa Kumi na Mbili

"Hapa kuna mtu anazurura," alisema shemeji.

Alisema hivyo akiwa amekunja nne kwenye kochi la watu, kikombe cha chai ya watu mkononi, na wala hakujisumbua kushusha sauti. "Gari la umeme halili namna hii, kaka. Mimi ni dalali wa magari, nayajua. Gari likila hivi, ujue linazungushwa."

Bi Pamba alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya maandazi. Jamani, mwanamke yule amekuwa muuguzi tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Ameosha vidonda ambavyo ndugu wa mgonjwa walivikimbia wakiziba pua, ametukanwa na wagonjwa, amefokewa na madaktari, na yote hayo aliyameza akaendelea na kazi. Lakini hili lilimkwama kooni. Akamtazama mumewe, akingoja amjibu mdogo wake. Mumewe alikuwa ameishika bili ya umeme karibu na miwani, anaisoma kwa mara ya tatu.

Hapo ndipo palipomuuma. Shemeji ni shemeji, mdomo wake haujawahi kuwa na breki. Lakini mume! Mtu uliyezaa naye, ukamuuguza malaria, ukamkandia mgongo kila alipotoka kazini, anasikia unaitwa mzururaji sebuleni kwako naye anasoma bili!

Ni kweli bili ilitisha. Gari lilipoingia nyumbani mwaka uliopita, bili iliongezeka kidogo, wakazoea. Kisha wakaja mafundi wa shirika la umeme wakang'oa mita ya zamani, wakafunga mpya ukutani, na tangu siku hiyo bili ikawa inapaa tu.

"Mwezi mmoja," alisema shemeji, akijifuta mdomo. "Bili ijayo ikija hivi, tuliuze. Mteja ninaye."

"Tutaona," akasema mumewe. Na katika nyumba ile "tutaona" ya baba mwenye nyumba maana yake ilikuwa ndiyo.

Bi Pamba akaiweka sinia mezani kwa kishindo, andazi moja likadondoka. Hakuliokota.

Ni lazima uelewe gari lile lilikuwa nini kwake. Halikuwa gari la kujionyesha. Lilikuwa dogo, limetumika, mlango mmoja umebonyea, na alilinunua kwa kiinua mgongo chake mwenyewe, hakumkopa mtu wala kumwomba mtu. Watu walimwita Bi Pamba kwa sababu mkoba wake haukosi pamba na bandeji, na baada ya kustaafu aliendelea na kazi aliyoijua: kwenda nyumba kwa nyumba kuosha vidonda vya wasioweza kufika hospitali. Wazee wa kisukari, waliopooza, waliolala kitandani mpaka mgongo ukachubuka. Kabla ya gari alikuwa akienda kwa miguu na kwa mabasi, mkoba begani, goti la kushoto linalia.

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa fundi cherehani, mtu mcheshi, mwenye kidonda cha sukari mguuni. Msimu mmoja wa mvua barabara zilikatika, goti la Bi Pamba likavimba, na siku kadhaa hakufika. Alipofika, bandeji ilikuwa imelowa na vidole viwili vya mguu vimegeuka rangi. Vikakatwa. Yule fundi hakumlaumu hata kidogo, alimtania tu kwamba sasa soksi zake zitadumu. Bi Pamba alicheka mbele yake, akaenda kulia kwenye kituo cha basi. Wiki iliyofuata alianza kutafuta gari. Kwa hiyo shemeji aliposema "tuliuze", alichokisikia Bi Pamba ni kwamba mguu mzima wa fundi wa watu nao uende.

"Kuzurura!" aliendelea kusema peke yake jikoni, akisugua sufuria ambayo ilishatakata. "Ningekuwa nazurura si ningenenepa? Mzururaji gani anarudi nyumbani ananuka dawa ya vidonda?"

Sasa mumewe naye, usimwone mtu mbaya. Mtaani aliitwa Mzee Spana. Alikuwa fundi mkuu katika karakana ya mabasi, na mabasi ya mji mzima yalipita mikononi mwake. Karakana yao ilikuwa na amri moja ambayo haikuvunjwa: basi likirudi jioni hujazwa mafuta kwanza, mpaka juu, ndipo dereva aruhusiwe kwenda kwao. Dereva aliyeacha basi na tangi nusu alikuwa akiamshwa kwake arudi alijaze. Mzee Spana alizeeka na amri hiyo.

Alipostaafu alikaa kwenye kiti cha varanda akakosa la kufanya. Mkewe aliponunua gari, alifurahi kama mtoto, akavaa ovaroli, akafungua boneti. Akaifunga. Hamna oili ya kubadilisha. Hamna plagi za kusafisha, hamna kabureta, hamna hata moshi wa kunusa. "Hili ni redio yenye magurudumu," alisema kwa uchungu. Kitu pekee alichobakiwa nacho kilikuwa waya wa kuchaji, na waya huo akaufanya wake. Kila jioni saa kumi na mbili, honi ikilia nje, alikuwa ameshafika getini. Alipokea ufunguo mkononi mwa mkewe, akalizunguka gari, akapiga teke kila tairi, akachukua waya mrefu uliotoka ukutani, akauchomeka.

"Haya, kula," aliliambia gari. Kisha aliingia ndani akiwa ameridhika, akanawa mikono ingawa haikuwa na uchafu wowote. Bi Pamba aliona ni mapenzi yale, na yalikuwa mapenzi kweli.

Baada ya kile kikao cha sebuleni, nyumba ikawa kama ya msiba. Mzee Spana alipita akizima taa nyuma ya kila mtu. Pasi ikapigwa marufuku, na Bi Pamba akaenda kwa wagonjwa na sare iliyokunjamana, yeye ambaye hajawahi kuvaa nguo isiyopigwa pasi maisha yake yote. Redio ikanyamazishwa. Na kila alipotoka asubuhi, mumewe aliuliza, kwa ile sauti ya kujifanya hajali, "Leo unaenda wapi na wapi?"

"Naenda kuzurura," alijibu Bi Pamba, akafunga mlango wa gari kwa nguvu.

Yeye alishaamua mwizi ni mita. Si ilianza siku ile ile ilipofungwa? Basi akaivalia njuga. Siku moja alipomaliza wagonjwa wa asubuhi akaenda ofisi za shirika la umeme, akakaa kwenye benchi mpaka kiuno kikauma, na alipofika dirishani alikuwa ameshapandwa na mori.

"Mita yenu mbovu. Nataka mje muing'oe."

Karani, binti mwenye kucha ndefu, alibonyeza bonyeza kompyuta, akatazama, akatafuna ubani wake taratibu. "Mita yenu nzima, mama. Mnatumia sana saa za bei ya juu."

"Saa za nini?"

"Bei siku hizi inakwenda kwa saa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, watu wote wako nyumbani, wote wanatumia, bei inakuwa juu. Kama mara tatu hivi. Kuanzia saa nne usiku inashuka mpaka jioni tena. Mita ikionyesha moja, bei ya chini. Ikionyesha mbili, ya juu. Mbona rahisi tu."

"Rahisi kwa aliyeambiwa! Mimi aliniambia nani?"

"Ilitumwa kwenye simu ya mwenye mita."

Mwenye mita! Ebo! Bili anachangia yeye, gari lake yeye, kuitwa mzururaji yeye, lakini ujumbe wa kumwokoa umekwenda kwa mwenye mita, mumewe. "Na ninyi," alisema Bi Pamba, sauti ikisikika mpaka mlangoni, "mlishindwa nini kumwambia yule kijana aliyekuja kufunga atutamkie maneno mawili? Alikunywa maji yangu! Alikaa kwenye kiti changu!" Watu kwenye benchi wakaguna kuunga mkono, na mama mmoja akasema hata yeye hakuambiwa. Karani akamwita anayefuata.

Alifika nyumbani saa kumi na mbili ikikaribia, akamkuta Mzee Spana getini akingoja ufunguo.

"Shirika la umeme lilikutumia ujumbe?"

"Wale? Hao matapeli wanatuma kila siku. Mara umeshinda gari, mara tuma namba ya siri. Nafuta wote bila kusoma." Alisema kwa fahari, mzee wa watu, mjanja asiyelika.

Bi Pamba akafungua mdomo, akaufunga. Muuguzi mzuri hatoi dawa kabla ya kupima. Jioni ile alipoona mumewe anaelekea kwenye gari kama kawaida yake, alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa jikoni ilikofungwa mita. Kifuani bado alikuwa na saa yake ya kazi, ile inayoning'inia kichwa chini. Kwenye mita kulikuwa na kitaa chekundu, kidogo, kinapepesa. Akainua saa, akaanza kuhesabu mwako wa kile kitaa kama anavyohesabu mapigo ya mgonjwa.

Taratibu. Friji na taa mbili. Mgonjwa ametulia.

Pembeni ya kioo cha mita kulikuwa na tarakimu ndogo ambayo hakuwahi kuitazama: moja. Ikageuka ikawa mbili. Punde kidogo, kutoka upande wa gari, alisikia mlio wa waya ukiingia mahali pake, na sauti ya mumewe: "Haya, kula."

Kitaa kile kikapagawa. Kilipepesa haraka mpaka hesabu ikampotea. Bi Pamba akatoka mbio mbio, goti na kila kitu, akauchomoa waya kwenye gari, akarudi ukutani. Kimetulia. Akaenda akauchomeka, akarudi. Homa imepanda. Akauchomoa tena.

"Mama, unafanya nini?" Mzee Spana alikuwa amesimama na kitambaa cha kujifutia mikono.

"Napima mgonjwa. Hebu njoo. Nani huchomeka gari hili?"

"Si mimi?"

"Saa ngapi?"

"Likifika tu. Unajua."

"Na mimi naondoka nalo saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Basi kutoka sasa mpaka saa mbili asubuhi, gari lina haraka ya kwenda wapi?"

"Gari haliachwi tupu."

"Halikuwa tupu! Nimerudi nalo zaidi ya nusu!"

"Nusu si kujaa," alisema Mzee Spana, na alisema kwa imani kabisa, kama vile dereva amesimama mbele yake anaomba ruhusa ya kwenda kulala.

Bi Pamba akamweleza yote. Moja na mbili, saa za jioni, bei mara tatu. Akamweleza kwamba kila siku, kwa mkono wake mwenyewe, amekuwa akilishibisha gari katika saa zile zile za jioni ambazo umeme ni ghali kuliko saa zote, wakati usiku mzima wa bei ya chini unapita gari limeshajaa, halina la kufanya. Alimweleza kwa sauti ya juu, maana alikuwa na haki ya sauti ya juu. Mzee Spana alikitazama kitaa, akautazama waya, na uso ukamshuka.

Kisha akasema, "Basi, tutabadilisha. Lakini mdogo wangu usimwambie."

"Nini?"

"Atanicheka. Mimi niliyemfundisha kushika spana. Tulimalize hapa hapa, mimi na wewe, kimya kimya."

Bi Pamba alihisi masikio yanawaka moto. "Kimya kimya! Yeye aliponiita mzururaji, alininong'oneza? Na wewe siku ile ulikuwa wapi? Ulikuwa umelala?" Akaingia ndani, na siku ile Mzee Spana alijipakulia mwenyewe.

Kesho yake jioni honi ililia, na getini hapakuwa na mtu. Bi Pamba akashuka, akafungua geti mwenyewe. Mumewe alikuwa kwenye kiti cha varanda, mikono imelala mapajani, anatazama sakafu. Bi Pamba alikuwa na hasira naye bado, tena nyingi, lakini kumwona vile hakukumfurahisha. Akarudi ndani ya gari, akakaa, akaanza kubonyeza kile kioo cha kugusa kilicho karibu na usukani. Kulikuwa na alama ya saa ambayo siku zote aliidhania ni ya kuamshia watu. Akabonyeza, akakosea, akabonyeza tena, mpaka gari likamuuliza lianze kuchaji saa ngapi. Akaweka saa nne usiku.

"Mzee! Njoo uchomeke."

"Saa hizi? Si umesema..."

"Wewe chomeka. Litaanza lenyewe ikifika saa yake."

Akaja polepole. Akalizunguka gari, akapiga teke tairi moja tu, akachomeka. Hakukuwaka taa. "Mbona halili?"

"Litakula. Hata mgonjwa vidonge vyake humezeshwa kwa saa."

Mzee hakuamini. Alitoka kuliangalia, akaingia, akatoka tena, mpaka Bi Pamba akamkemea. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari, akachungulia dirishani, akakuta betri imejaa. "Ehee," alisema peke yake. Tangu siku hiyo akarudi getini kila jioni, na pasi ikaruhusiwa, mradi nguo zipigwe asubuhi.

Na sasa sikiliza. Mwezi ule Bi Pamba hakutulia hata siku moja. Alipokea wagonjwa wapya, mmoja kule mwisho wa lami, na kwa fundi cherehani alikwenda kila siku badala ya siku moja moja, mpaka kidonda kikaanza kufunga na fundi akamshonea kifuko cha saa yake. Alizunguka na gari lile kuliko miezi yote iliyotangulia.

Siku bili ilipokuja, shemeji naye alikuja. Alikalia kochi lile lile, akakunja nne ile ile, na mfukoni ana simu, mteja wake anangoja jibu. Mzee Spana akaifungua bili. Ilikuwa imeshuka mpaka karibu na ile ya siku za mita ya zamani. Akampa mdogo wake aione.

Shemeji akapiga paja. "Si nilisema mimi? Mwanamke akitulia nyumbani, umeme nao unatulia! Safi sana shemeji, umesikia ushauri."

Bi Pamba akamtazama mumewe. Mzee Spana akakohoa, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Basi yamekwisha," akasema. "Gari haliuzwi. Mama, tuletee chai."

Chai! Ninyi mlioko hapa, niambieni, kuna mwanamke ambaye angekwenda kuleta chai hiyo? Bi Pamba alikwenda nje. Alichomoa ule waya ukutani, akauviringa mkononi, akarudi nao sebuleni, akauweka mapajani mwa mumewe, wote, mpaka kichwa chake kizito.

"Hayajaisha. Bili mmeisafisha. Jina langu je?"

"Jina lako limefanya nini, shemeji?" alicheka yule dalali. "Tunataniana tu."

"Sisemi na wewe. Nasema na huyu. Niliitwa mzururaji hapa, mbele yake, akanyamaza. Leo nimesifiwa kwa kuacha kuzurura, mbele yake, ananiagiza chai."

Mzee Spana aliushika waya kwa mikono miwili. Mtu angedhani anautafutia hitilafu. Kisha akasema, akiuangalia, "Hakutulia nyumbani. Mwezi huu amezunguka kuliko miezi yote, na mguu wa fundi cherehani unapona. Bili niliipandisha mimi. Nilikuwa nalijaza gari jioni, saa za bei ya juu, kila siku, kwa sababu karakana tulikuwa tunajaza jioni. Na walinitumia ujumbe, nikaufuta."

Shemeji alianza kucheka, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe ni wewe, kaka! Fundi mkuu mzima!"

"Nyamaza!" Mzee Spana alinguruma, sauti ya zamani ya karakana, na kikombe kikatikisika kwenye kisahani. "Unacheka nini? Umemkosea mke wangu. Mwombe radhi."

"Wewe kwanza," alisema Bi Pamba.

Mzee Spana akamtazama. Akauweka waya mezani, akasimama, akavua kofia.

"Nisamehe, mke wangu," alisema mbele ya mdogo wake, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Nilitakiwa kuongea siku ile."

Shemeji naye akajikunjua kwenye kochi, akasimama, akasema la kwake akiwa anatazama ukuta, na Bi Pamba akamfanya alirudie akimtazama yeye. Kisha mwanamke yule akaketi kwenye kiti cha mumewe, akaunyoosha mguu wenye goti bovu. Chai ya siku ile alikwenda kuipika shemeji, na sukari aliisahau.